Jibu kwa msomaji: kwa nini umaskini haumaliziki Marekani?

Msomaji wetu ameuliza: “Marekani ndiyo nchi yenye uchumi mkubwa kuliko zote duniani, na rais wake alitangaza vita dhidi ya umaskini tangu mwaka 1964. Inakuwaje miaka sitini baadaye bado kuna mamilioni ya maskini, wengine wakilala kwenye mahema kando ya barabara? Ni uvivu wao, ni ubaguzi, ni uroho wa matajiri, au ni serikali iliyoshindwa? Na uchumi ukiendelea kukua, je, hali hiyo haitakwisha yenyewe?”

Ndugu msomaji, nianze na tarakimu mbili zinazoonyesha ukubwa wa fumbo lako. Mwaka 1973 Wamarekani waliokuwa chini ya mstari rasmi wa umaskini walikuwa asilimia 11.1 ya watu wote. Mwaka 2023 walikuwa asilimia 11.1. Katika nusu karne hiyo pato halisi la nchi kwa kila mtu, yaani baada ya kuondoa athari za mfumuko wa bei, liliongezeka zaidi ya maradufu, lakini sehemu ya watu waliohesabiwa kuwa maskini ilikuwa ileile, na kwa kuwa idadi ya watu ilikuwa imekua, maskini wenyewe walipanda kutoka takribani milioni 23 hadi milioni 36.8.

Mtu akiishia hapo atasema juhudi zote zilikuwa bure, na wapo wanasiasa wengi wa Marekani waliosema hivyo. Mimi nakuomba usubiri kidogo, kwa sababu kipimo chenyewe kina kasoro ambayo usipoielewa utapotea tangu mwanzo. Mstari rasmi wa umaskini ulibuniwa mwaka 1963 na 1964 na Mollie Orshansky, mchumi aliyekuwa akifanya kazi katika Idara ya Hifadhi ya Jamii. Alichukua gharama ya mlo wa bei nafuu kabisa uliopangwa na Wizara ya Kilimo, akaizidisha mara tatu, kwa kuwa uchunguzi wa mwaka 1955 ulikuwa umeonyesha kwamba familia ya kawaida hutumia karibu theluthi moja ya kipato chake kwa chakula. Tangu wakati huo mstari huo umekuwa ukipandishwa kufuatana na bei tu. Leo chakula kinachukua sehemu ndogo zaidi ya bajeti ya familia, huku kodi ya pango, matibabu na malezi ya watoto vikimeza sehemu kubwa, lakini kanuni haijabadilishwa.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi kwa swali lako. Kipimo hicho huhesabu fedha taslimu alizopata mtu kabla ya kukatwa kodi. Hakihesabu stempu za chakula, yaani msaada wa serikali wa kununulia chakula, hakihesabu vocha ya kulipia pango, wala hakihesabu marejesho ya kodi ambayo serikali huwapa wafanyakazi wa kipato cha chini tangu mwaka 1975. Serikali inaweza kumlipia mama chakula cha mwezi, ikambebea sehemu kubwa ya pango, ikamrudishia maelfu ya dola mwishoni mwa mwaka, na bado takwimu zikamwandika kuwa maskini vilevile kama asingepata kitu. Kwa maneno mengine, misaada mingi iliyoanzishwa baada ya 1964 iliundwa kwa namna ambayo kipimo rasmi hakiwezi kuiona.

Ndiyo maana tangu mwaka 2011 Ofisi ya Sensa hutoa pia kipimo cha nyongeza, kinachojumlisha misaada hiyo na kutoa kodi, gharama za matibabu na gharama za kwenda kazini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walikirudisha nyuma kipimo cha aina hiyo hadi mwaka 1967, wakakuta kwamba umaskini ulishuka kutoka karibu asilimia 26 mwaka huo hadi asilimia 16 mwaka 2012. Hayo ni mafanikio, tena si madogo. Lakini watafiti hao hao walipoondoa kodi na misaada na kuangalia tu kile ambacho watu walijipatia sokoni, yaani mishahara, biashara na mapato mengine binafsi, umaskini haukuwa umeshuka hata kidogo: ulikuwa karibu asilimia 27 mwanzoni na karibu asilimia 29 mwishoni.

Ningependa ukae na tarakimu hizo, kwa sababu ndizo kiini cha jibu langu. Uchumi wa Marekani huzalisha umaskini kila mwaka kwa kiwango kilekile, na serikali hufuata nyuma ikiwatoa baadhi ya waliotumbukia. Tunaposema umaskini “unaendelea”, tunapata picha ya kundi moja la watu waliokwama mahali pamoja kizazi hadi kizazi. Watu wa namna hiyo wapo, na nitawazungumzia, lakini wengi wanaotumbukia katika umaskini hutoka ndani ya miaka michache. Huyu amepunguziwa saa za kazi, yule ameachika, mwingine ameugua, mwingine amezaa. Wanaotoka ni wengi, na wanaoingia ni wengi karibu sawasawa. Programu inayowasaidia watu kutoka bila kugusa kinachowaingiza inaweza kufanya kazi nzuri sana na bado idadi isibadilike.

Kuhusu uvivu, sitakaa sana. Zaidi ya robo ya maskini wa Marekani ni watoto. Ongeza wazee, watu wenye ulemavu, wanafunzi, na wanaokaa nyumbani kumuuguza mtu, na utaona kwamba wanaobaki, yaani watu wazima wenye afya ambao wangeweza kufanya kazi na hawafanyi, ni sehemu ndogo ya hesabu. Hoja yenye uzito zaidi kwa upande huo ni ile ya muundo wa familia: ni kweli kwamba nyumba inayoongozwa na mama peke yake ina hatari kubwa zaidi ya kuwa maskini kuliko nyumba yenye wazazi wawili. Lakini mama wa peke yao wapo pia katika nchi tajiri za Ulaya, na huko hatari hiyo ni ndogo zaidi. Kuwa mzazi peke yako ni jambo moja, na adhabu ambayo nchi imeiambatanisha na hali hiyo ni jambo jingine, na hilo la pili ndilo linalotofautiana kati ya nchi na nchi.

Sasa tuangalie namna watu wanavyoingia. Kazi kwanza. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na serikali kuu ni dola 7.25 kwa saa, na hakijapandishwa tangu Julai 2009. Mtu akifanya kazi saa 40 kwa wiki bila kukosa wiki hata moja, kwa mwaka anapata dola 15,080, wakati mstari wa umaskini kwa mzazi mmoja mwenye watoto wawili mwaka 2023 ulikuwa karibu dola 24,500. Wahudumu wa mikahawa wanaotegemea bahashishi wana kima chao, dola 2.13, kilichobaki hapo tangu 1991. Nikutendee haki: wafanyakazi wanaolipwa dola 7.25 kamili siku hizi ni wachache, kwa sababu majimbo 30 yana kima kikubwa zaidi na soko la ajira lenyewe limesukuma mishahara juu. Tatizo pana zaidi ni kwamba zipo kazi nyingi, halali na za lazima, ambazo malipo yake hayatoshi kuendesha familia, na mara nyingi mfanyakazi hajui wiki ijayo atapewa saa ngapi. Wasaidizi wa wagonjwa na wazee majumbani, kwa mfano, ni zaidi ya milioni tatu, na ni miongoni mwa kazi zinazokua kwa kasi zaidi nchini humo.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema dawa ni elimu na basi. Elimu humsaidia mtu mmoja mmoja kutoka katika kazi duni kwenda kazi bora, na hakuna anayepaswa kuidharau. Hata hivyo, hata kila msaidizi wa wazee akipata shahada kesho, wazee bado watahitaji kuogeshwa na kulishwa keshokutwa, na kazi hiyo itafanywa na mtu fulani kwa malipo yaleyale, isipokuwa malipo yenyewe yabadilike. Zamani kilichobadilisha malipo kilikuwa vyama vya wafanyakazi. Katikati ya miaka ya 1950 karibu theluthi moja ya wafanyakazi wa Marekani walikuwa wanachama. Mwaka 2023 walikuwa asilimia 10. Viwanda vilivyokuwa ngome ya vyama hivyo navyo vilipungua au kuhama, na ramani ya nchi inaonyesha alama zake: Detroit, uliokuwa na watu zaidi ya milioni 1.8 mwaka 1950, ulihesabiwa kuwa na watu 639,111 mwaka 2020.

Makazi ndiyo mlango ambao kwa maoni yangu hauzungumzwi vya kutosha, na ndio unaoeleza mahema uliyoyataja. Mahema hayo hayajajazana katika majimbo maskini zaidi. Mississippi, ambalo kwa miaka mingi limekuwa mkiani au karibu na mkia katika takwimu za umaskini, lina watu wachache sana wasio na makazi kwa kulinganisha na California, jimbo tajiri lenye nyumba ghali. Sababu mojawapo ya ughali huo imeandikwa katika kanuni za mipango miji. Tangu Mahakama ya Juu ilipohalalisha ugawaji wa maeneo kwa matumizi mwaka 1926, miji mingi imekuwa ikitenga sehemu kubwa ya ardhi yake ya makazi kwa nyumba ya familia moja yenye kiwanja chake, na ni marufuku kujenga hapo jengo la vyumba vya kupangisha. Mjini Los Angeles sehemu hiyo ni karibu robo tatu. Kazi zikiongezeka na nyumba zikazuiwa kuongezeka, pango hupanda, na anayebanwa hadi ukutani ni yule wa kipato cha chini.

Serikali inasaidia, lakini angalia inasaidiaje. Mmiliki wa nyumba anayelipa riba ya mkopo wa nyumba anaweza kuiondoa katika kipato kinachotozwa kodi. Akitimiza masharti anapata nafuu hiyo bila kupanga foleni, na kadiri nyumba na kipato chake vinavyokuwa vikubwa ndivyo nafuu inavyokuwa kubwa. Mpangaji maskini anayestahili msaada wa pango hupewa iwapo bajeti ya mwaka inaruhusu, na kwa kweli ni karibu familia moja tu kati ya nne zinazostahili ndiyo inayoupata. Wengine huandikishwa kwenye orodha ya kusubiri ambayo katika miji mikubwa huchukua miaka, na mara nyingi hata kuandikishwa kwenyewe hufungwa. Sijui mfano bora zaidi wa jinsi nchi inavyoweza kuwa na fedha za makazi na bado watu wakakosa makazi.

Mtu akishaingia katika umaskini, kuna gharama zinazomngojea huko ambazo mwenye uwezo hazijui. Chukua mkopo wa kusubiria mshahara, unaotolewa katika maduka madogo pembezoni mwa barabara. Ada ya kawaida ni dola 15 kwa kila dola 100 kwa wiki mbili. Mfanyakazi ambaye gari lake limeharibika, na bila gari hafiki kazini, anakopa dola 400. Baada ya wiki mbili anadaiwa 460. Hana 460, lakini ana 60, basi analipa ada na kuahirisha deni. Akifanya hivyo mara kumi, yaani kwa muda usiofika miezi mitano, atakuwa amelipa dola 600 na bado anadaiwa zile 400 za mwanzo. Kwa mwaka riba hiyo ni karibu asilimia 390. Baadhi ya majimbo yamepiga marufuku mikopo hiyo au kuiwekea kikomo cha riba, mengine yameiacha.

Wakati mwingine anayekamua ni serikali yenyewe. Mwaka 2015 Wizara ya Sheria ilichapisha uchunguzi wake kuhusu mji mdogo wa Ferguson, karibu na St. Louis, na kuonyesha kwamba faini na ada za mahakama zilikuwa chanzo kikubwa cha mapato ya mji huo. Ripoti inasimulia kisa cha mwanamke mmoja aliyeegesha gari vibaya mara moja tu, mwaka 2007. Alipigwa faini ya dola 151 pamoja na ada. Hakuweza kulipa kwa wakati, akashtakiwa mara kadhaa kwa kutofika mahakamani, akakamatwa mara mbili na kulala mahabusu siku sita kwa jumla. Alipojaribu kulipa dola 25, na safari nyingine 50, mahakama iliyakataa malipo hayo kwa kuwa hayakuwa kamili. Kufikia Desemba 2014 alikuwa amelipa dola 550 na bado anadaiwa 541. Nimekaa kwenye kisa hiki kwa makusudi, kwa sababu mtu akiulizwa ni nini kilichomfanya mwanamke huyo abaki maskini, jibu halimo katika tabia yake wala katika ukosefu wa fedha nchini.

Sasa umeuliza kama serikali imeshindwa. Ningesema imegawanyika. Mwaka 1996 Rais Bill Clinton alisaini sheria iliyofuta mfumo wa zamani wa kuwapa familia maskini fedha taslimu kama haki yao, na badala yake ikaanzishwa ruzuku ya jumla kwa majimbo: dola bilioni 16.5 kwa mwaka, kiasi ambacho hakijapandishwa tangu hapo, kwa hiyo thamani yake imeliwa na mfumuko wa bei hadi kubaki karibu nusu. Majimbo yalipewa uhuru mpana wa kuamua nani apewe na fedha zitumiweje. Mwaka 1996, kati ya kila familia 100 maskini zenye watoto, 68 zilipata fedha hizo; miaka ya karibuni ni kama 21, na katika Texas hazifiki tano. Mississippi ndiko kulikoonyesha jambo hilo linaweza kufika wapi: wakaguzi waligundua kwamba makumi ya mamilioni ya dola za mfuko huo yalitumika isivyostahili, zikiwamo dola milioni 5 zilizokwenda kujenga ukumbi wa mpira wa wavu katika chuo kikuu.

Bima ya afya ya maskini ina mkanganyiko wa aina yake. Sheria ya mwaka 2010 ilikusudia kuwaingiza watu wazima wote wa kipato cha chini, lakini mwaka 2012 Mahakama ya Juu iliamua kwamba majimbo yasilazimishwe, na hadi 2024 majimbo kumi yalikuwa bado yamekataa. Kwa kuwa ruzuku ya kumsaidia mtu kujinunulia bima huanzia kwenye mstari wa umaskini kwenda juu, mtu mzima asiye na mtoto wala ulemavu huko Texas, mojawapo ya majimbo hayo, anaweza kusaidiwa akiwa juu kidogo ya mstari huo, na asisaidiwe akiwa chini yake.

Kisha kuna kanuni zinazomwadhibu anayejaribu kujinasua. Mtu mwenye ulemavu anayepata malipo ya nyongeza ya serikali kuu haruhusiwi kuwa na akiba inayozidi dola 2,000. Kikomo hicho kiliwekwa mwaka 1989 na hakijaguswa. Akiweka akiba ya dola 2,100 kwa ajili ya amana ya nyumba, malipo yake ya mwezi huo yanaweza kusimamishwa, na baadaye akadaiwa kurudisha alichokwisha kulipwa. Ukiunganisha hilo na misaada inayopungua au kukatika ghafla pale kipato kinapopanda kidogo, utaelewa kwa nini mtu anayepiga hesabu vizuri anaweza kukataa saa za ziada za kazi. Anayemwita huyo mvivu hajasoma masharti aliyosainishwa.

Ubaguzi wa rangi umeuuliza, na hapa ndipo ninapowarudia wale waliokwama kizazi hadi kizazi. Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 1935 iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani, ambao ndio walikuwa wengi miongoni mwa Wamarekani weusi waliokuwa kazini. Shirika la serikali la kudhamini mikopo ya nyumba, lililoanzishwa mwaka 1934, lilikataa kudhamini mikopo katika mitaa ya watu weusi. Sheria ya kupiga marufuku ubaguzi katika makazi ilikuja mwaka 1968, baada ya familia nyingi za wazungu kuwa zimekwisha kununua nyumba ambazo thamani yake ilipanda na kurithishwa. Mwaka 2022 mali ya kaya ya kati ya wazungu, yaani ile inayokuwa katikati kaya zote zikipangwa kwa utajiri, ilikuwa takribani dola 285,000, na ya weusi takribani dola 45,000. Mtaa pia ndio unaoamua shule, kwa kuwa sehemu kubwa ya fedha za shule hutokana na kodi ya majengo ya eneo husika, utaratibu ambao Mahakama ya Juu iliuacha uendelee mwaka 1973.

Lakini usiishie kwenye rangi, maana utawaacha nje maskini wengi. Kwa hesabu ya vichwa, wazungu ni kundi kubwa miongoni mwa maskini wa Marekani. Rais Lyndon Johnson alipotaka kuionyesha nchi sura ya umaskini, Aprili 1964, alikwenda Kaunti ya Martin katika milima ya mashariki mwa Kentucky, akaketi barazani kwa baba mmoja mzungu asiye na kazi ya kudumu. Makaa ya mawe yaliyokuwa yakiilisha kaunti ile yaliendelea kuchimbwa kwa miongo kadhaa, kwa mashine nyingi zaidi na mikono michache zaidi, na kaunti hiyo bado ni mojawapo ya zilizo maskini zaidi nchini. Athari za mahali zimepimwa. Mwaka 1994 serikali ilianza jaribio katika miji mitano, Baltimore, Boston, Chicago, Los Angeles na New York, ambako baadhi ya familia maskini zilipata kwa bahati nasibu vocha ya kuhamia mitaa yenye umaskini mdogo. Watoto waliohama kabla ya kutimiza miaka 13 walikuja kupata, walipofikia katikati ya miaka ya ishirini, kipato kilichozidi kwa karibu theluthi moja kile cha wenzao waliobaki. Wazazi wao hawakuongezewa kipato chochote cha kuonekana. Wale walioanza kwa kusema familia ndiyo kila kitu walipata shida kuyaeleza matokeo hayo.

Je, basi, haiwezekani kuupunguza? Inawezekana, na Marekani imefanya hivyo mara mbili mbele ya macho ya watu. Mara ya kwanza ilikuwa kwa wazee. Mwaka 1959 asilimia 35 ya Wamarekani wenye miaka 65 na zaidi walikuwa maskini, kiwango kilichozidi cha watoto. Siku hizi ni karibu asilimia 10 kwa kipimo rasmi, chini ya kile cha watoto. Kilichowaokoa ni pensheni ya umma, iliyopandishwa kwa asilimia 20 kwa mara moja mwaka 1972 na baadaye kufungamanishwa na mfumuko wa bei, ili isiliwe kama zile bilioni 16.5 za ruzuku ya majimbo. Hupokewa na karibu kila mzee, tajiri na maskini, na hakuna mwanasiasa anayethubutu kuigusa.

Mara ya pili ni ya juzi. Machi 2021 Bunge liliongeza nafuu ya kodi kwa ajili ya watoto hadi dola 3,600 kwa mtoto wa chini ya miaka sita na dola 3,000 kwa wakubwa zaidi, na kwa mara ya kwanza ikatolewa kikamilifu hata kwa wazazi wasio na kipato. Kabla ya hapo karibu theluthi moja ya watoto walikosa kiasi kamili kwa sababu wazazi wao walikuwa maskini mno. Nusu yake ililipwa kila mwezi kuanzia Julai hadi Desemba. Kwa kipimo cha nyongeza, umaskini wa watoto ulishuka kutoka asilimia 9.7 mwaka 2020 hadi 5.2 mwaka 2021, kiwango cha chini kuliko vyote vilivyowahi kurekodiwa kwa kipimo hicho. Nyongeza hiyo iliachwa ife mwishoni mwa mwaka, kwa kuwa katika Seneti iliyogawanyika nusu kwa nusu ilikosa kura moja ya chama kilichokuwa madarakani, na upande wa pili wote ulikuwa umeikataa. Mwaka 2022 umaskini wa watoto ulikuwa asilimia 12.4, na mwaka 2023 asilimia 13.7. Wazazi walikuwa walewale, na tabia zao zilikuwa zilezile.

Kuhusu uroho wa matajiri, ningekuwa mwangalifu. Ni kweli kwamba nusu ya chini ya kaya za Marekani inamiliki karibu asilimia 2.5 tu ya utajiri wote wa kaya, na ni kweli kwamba wenye fedha nyingi wana sauti kubwa katika Bunge. Lakini ukifuatilia kila mlango niliouonyesha, utakuta nyuma yake watu wa kawaida wanaofaidika bila kujiona waovu: mwenye nyumba asiyetaka jengo la wapangaji mtaani kwake, mlipakodi wa mji aliyefurahi kwamba faini zimepunguza kodi yake, familia inayomlipa msaidizi wa bibi yao kile inachoweza kumudu. Kumlaumu bilionea ni rahisi kisiasa. Kumwambia mpigakura wa kipato cha kati kwamba naye ana sehemu yake ni kazi ngumu, na nadhani ndiyo sababu mageuzi mengi hukwama.

Swali lako la mwisho, kama ukuaji wa uchumi utalimaliza jambo hili wenyewe, limejibiwa na historia. Kuanzia 1959 hadi 1973 ukuaji ulifanya kazi: mishahara ya watu wa chini ilipanda pamoja na pato la taifa, na umaskini rasmi ulishuka kutoka asilimia 22.4 hadi 11.1. Baada ya hapo kwa sehemu kubwa kamba iliyounganisha mishahara hiyo na pato la taifa ilikatika, na miaka ya nafuu kwa wafanyakazi wa chini ilikuwa michache, kama mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuelekea 2019, wakati waajiri walipohangaika kupata watu. Ufaransa, yenye pato dogo zaidi kwa kila mtu, ina umaskini wa takribani asilimia 8 ukihesabu walio chini ya nusu ya kipato cha kati, huku Marekani ikikaribia 18 kwa kipimo hichohicho. Kabla ya kodi na misaada, Ufaransa haina nafuu yoyote kuishinda Marekani.

Ukitaka kufuatilia mwenyewe, Ofisi ya Sensa ya Marekani hutoa takwimu mpya kila Septemba. Magazeti hukimbilia kiwango rasmi. Wewe tafuta jedwali la kipimo cha nyongeza linaloonyesha kila programu imewatoa watu wangapi, ambapo mwaka 2023 pensheni ya umma peke yake iliwatoa zaidi ya milioni 27, kisha ulinganishe safu ya wazee na safu ya watoto.